Hesabu ya Watu na Sheria Yake

Ukiuliza leo idadi ya watu wa Kongo utajibiwa kwamba wamepita milioni mia. Je, nani aliyewahesabu? Hapana mtu. Mara ya mwisho watu wa nchi hii kuhesabiwa wote ilikuwa tarehe 1 Julai 1984, nchi ilipokuwa ingali ikiitwa Zaire, nao wakaonekana yapata milioni 30. Mtoto aliyezaliwa siku ile amekwisha kupita miaka arobaini, na labda anaitwa babu. Tangu hapo twaishi kwa makisio: huchukuliwa hesabu ya kale, kila mwaka ikaongezwa kipande, kana kwamba hapakuwa na vita, wala mtu hakukimbia kwao.

Wala si kwamba sheria hakuna. Kule Kinshasa iko Taasisi ya Taifa ya Takwimu, yaani ofisi ya kukusanya hesabu za mambo ya nchi. Na amri ya serikali ya tarehe 11 Februari 2010 ilipanga jinsi kazi hiyo itakavyoendeshwa katika nchi nzima. Karatasi ipo, watu hawajahesabiwa.

Hasara yake hatuihitaji kuitafuta mbali. Mwuguzi wa kituo cha afya, hapa Lusangi au kule Kabambare, atakapo kuagiza dawa za chanjo hufanya hesabu kwa makisio: katika kila watu 100, wanawake wenye mimba huwekwa kuwa 4. Lakini mia hiyo yenyewe imetoka wapi? Ikiwa kijiji kimepokea wakimbizi, chupa za chanjo hazitoshi, na mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni hurudi bure. Ikiwa watu wamehama, dawa huharibika. Mwuguzi hulaumiwa, naye hana kosa.

Habari ya wabunge nayo ni ya ajabu. Kwa sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006, viti vya Bunge hugawanywa, si kwa kufuata hesabu ya watu, bali kwa kufuata hesabu ya walioandikishwa kupiga kura. Basi nyumba yenye baba, mama na watoto wanane wadogo ni watu wawili tu. Na teritwari ambayo watu wake wamejificha porini siku za kuandikisha hupungukiwa na sauti, ingawa ndiyo yenye shida kuliko nyingine. Mahali ambapo watoto ni wengi, twaona neno hili kuwa si haki.

Lakini wako wazee wetu wanaosema: Afadhali tusihesabiwe. Tusiwacheke. Zamani za Wabelgiji karani alipofika na daftari, jambo la kwanza lilikuwa kutafuta wanaume wenye nguvu. Aliyeandikwa alitozwa kodi ya kichwa. Mwenye wake wengi aliongezewa kodi kwa ajili yao. Tena alipewa shamba la pamba la lazima. (Baba wa watoto wanne kwa mke mmoja alisamehewa kodi, nasi twadhani huyo hakujificha!) Daftari na kodi vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1955 hata 1957 serikali ile ile ilifanya uchunguzi mwingine, wa kitaalamu, katika baadhi ya vijiji na miji, ikapata kwamba watu wa Kongo walikaribia milioni 13. Lakini mkulima wa Kasongo angewezaje kupambanua karani wa uchunguzi na karani wa kodi, maana wote wawili walishika kalamu na kuuliza majina?

Hapo ndipo penye kiini cha sheria ya takwimu. Tarehe 29 Januari 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kanuni 10 za takwimu za serikali, na ya sita yasema kwamba habari za mtu mmoja mmoja ni siri kabisa, nazo zitumike kwa hesabu tu. Yaani mtoza kodi asizione, wala askari, wala mkubwa wa chama. Karani anayehesabu apaswa kufunga kinywa chake hata mbele ya chifu. Bila neno hilo, mtu mwenye akili atamficha mwanawe, na hesabu itakuwa uongo mtupu.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa, Watanzania, wamehesabu watu wao mara sita, tangu 1967 hata 2022, walipoonekana kuwa zaidi ya milioni 61. Hata hivyo sheria yao nayo iliwahi kupotoka: mwaka 2018 ilibadilishwa ili aliyetangaza hesabu za kupinga zile za serikali aweze kufungwa. Wengi walipiga kelele, na mwaka 2019 ikarekebishwa. Sheria ya kulinda hesabu isigeuke kuwa kufuli ya vinywa.

Hesabu kubwa imeahidiwa Kongo mara nyingi. Siku itakapofika, baba wa nyumba anayo haki kumwuliza karani, kwa adabu, maswali mawili: Nani atakayeisoma karatasi hii? Na jina langu litaondolewa lini?

Lakini iko hesabu moja isiyongoja Kinshasa. Kwa sheria, mtoto huandikishwa katika ofisi ya serikali ya hali ya raia kabla ya kutimia siku 90 tangu kuzaliwa, tena bila malipo. Wazazi wengi hudhani cheti cha ubatizo chatosha. Hakitoshi: kile ni cha Kanisa, na serikali haihesabu kwa vitabu vya parokia. Mwenye mtoto mchanga nyumbani na azihesabu siku zake.