MWALIMU SI SPANA YA KUFUNGULIA KILA NATI

Ndugu wafanyakazi,

Kanja haina reli. Sisi watu wa Kanja tulioajiriwa na reli tumeacha jamaa zetu huko, kati ya mikahawa na michai, nasi hurudi kwao tupatapo likizo. Njia ya reli iliyo karibu nasi ni ile ya Nanyuki, ipitayo Sagana. Basi labda mtauliza, watu wa reli wana habari gani na kazi ya waalimu? Tunayo habari. Watoto wanaofundishwa ni wetu, na mwalimu ni mfanyakazi kama sisi.

Katika reli kuna sharti moja ambalo hata mkubwa mkali haruhusiwi kulivunja. Mtu wa kuunganisha mabehewa hapewi injini aiendeshe kwa sababu dereva hakuja. Lazima afundishwe, ajaribiwe, apewe cheti. Zikiletwa injini za namna mpya, hata dereva wa zamani hufundishwa kwanza. Sharti hilo linalinda roho za watu.

Sasa tazameni shule. Mwalimu wa sekondari katika Kenya kwa kawaida husomea masomo mawili. Lakini Sekondari Msingi ilipoanza Januari 2023 na Gredi ya 7, masomo yalichanganywa. Fizikia, kemia na biolojia zikawa Sayansi Jumuishi. Baadaye biashara ikatiwa pamoja na kompyuta na kazi za ufundi. Tangu 2024 masomo huko ni 9. Aliyesomea Historia na Dini hujikuta mbele ya darasa akieleza umeme. Na wengi wao waliingizwa kazini kwa jina la wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na vyeti vyao mkononi. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba Tume ya Kuajiri Waalimu haikuwa na ruhusa ya kuwaajiri kwa mtindo huo.

Januari 2026 ikaja Sekondari Pevu, Gredi ya 10. Mwalimu yule yule akawa na Gredi ya 10 ya mtaala mpya, tena Kidato cha 3 na cha 4 vya mtaala wa zamani. Vitabu ni vya namna mbili, na mitihani ni ya namna mbili. Watoto wa Gredi ya 10 huchagua masomo yao. Somo likikosa watoto, mwalimu wake huambiwa, "Chukua hili lingine." Huambiwa kwa mdomo, wala hapewi barua.

Wengine husema: mwalimu ana likizo tatu kwa mwaka, anataka nini tena? Haya, tuhesabu. Aprili ni mashindano ya michezo ya kuigiza. Agosti ni mashindano ya muziki. Katikati kuna mipira, na marundo ya madaftari ya kusahihishwa usiku. Oktoba na Novemba ni mtihani wa taifa. Na mafunzo ya mtaala mpya, ya siku chache tu, mara nyingi hutiwa ndani ya likizo hizo hizo. Mwalimu mmoja jirani yetu alituambia kwamba somo alilopewa mwaka huu, yuko mbele ya watoto kwa ukurasa mmoja tu. Alisema hayo kwa aibu. Lakini aibu hiyo si yake.

Wakubwa hujibu kwamba waalimu ni wachache. Uongo! Maelfu wenye vyeti wamekaa nyumbani bila kazi. Kilichopungua ni ajira.

Nasi pia tujilaumu. Agosti 2024, chama cha KUPPET kilipogoma, baadhi yetu tulisema waalimu ni wavivu. Tulisahau kwamba hata mwajiri mmoja, yaani Tume hiyo iliyoanza kazi 1967, waalimu hawakumpata kwa kungoja. Walimdai kwa chama chao cha KNUT, kilichoundwa 1957.

Kwa hiyo tunasema pamoja nao:

1. Mwalimu asipewe somo jipya ila kwa barua, na baada ya kuulizwa.
2. Afundishwe kwanza, katika saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri. Akifundishwa wakati wa likizo, alipwe.
3. Mwaka wa kwanza wa somo jipya apunguziwe vipindi, apate nafasi ya kujitayarisha.
4. Wanagenzi waajiriwe kazi ya kudumu, kwa mshahara kamili.

Ndugu wa Kanja, katika mkutano ujao wa wazazi tusisimame kumwuliza mwalimu kwa nini mtoto ameanguka mtihani. Tumwulize mkubwa wa shule: mwalimu huyu alisomea somo hili? Kama hakulisomea, nani aliyempa, na alimfundisha lini? Jibu liandikwe katika daftari la mkutano, lipelekwe kwa waajiri.

Treni ikianguka, watu huja kuhesabu maiti, na magazeti huandika. Mtoto akipotezewa miaka 3 ya masomo, hakuna king'ora kinacholia. Basi sisi tulie kwa niaba yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.