Mchagua Jembe Naye ni Mkulima

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii ilikusudiwa kumkemea mvivu anayeyasingizia majembe ili asilime, na kwa maana hiyo haina kasoro. Lakini katika baadhi ya vyuo vyetu imegeuzwa kisingizio cha kununua tarakilishi ghali bila kuuliza zitalima shamba gani. Mwalimu au mwanafunzi anayehoji huambiwa ashukuru alichopewa. Mimi nasema kwamba katika jambo hili asiyechagua jembe ndiye atakayelala njaa.

Miaka michache iliyopita niliketi katika kamati ya ununuzi ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Wanafunzi wa uzamili walikuwa wamerekodi mazungumzo ya lahaja za pwani kwa saa nyingi, na tarakilishi ndogo za ofisini zilikuwa zimeshindwa kuichanganua sauti hiyo. Mjadala wetu ulikuwa mfupi. Mmoja wetu alitaka prosesa, yaani bongo la tarakilishi, yenye viini 64; mwingine akauliza kama hapana yenye viini zaidi ya hivyo; kisha tukatia sahihi. Mashine ilipofika, mwanafunzi wa kwanza kuitumia alirejea baada ya wiki moja akiwa ameduwaa. Kiini kimoja kilikuwa kikitokwa jasho, na 63 vilivyosalia vimekaa kitako. Programu yake iliandikwa kushughulikia faili moja baada ya nyingine, wala haikujua kugawa kazi. Siku ya kuwasilisha tasnifu nayo ilikuwa ikikaribia.

Mashine haikuwa na ila. Ila ilikuwa yetu sisi tuliohesabu viini tukadhani tumelinganisha prosesa.

Ili msomaji aone ugumu wa kulinganisha, nitachukua prosesa mbili za kampuni moja, AMD ya Marekani. Mnamo Agosti 2019 kampuni hiyo ilitoa EPYC 7742, iliyokusudiwa seva, yaani tarakilishi kuu zinazowahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Mnamo Februari 2020 ikatoa Threadripper 3990X, iliyokusudiwa tarakilishi za mezani za wataalamu kama vile watengenezaji wa filamu na wahandisi. Tangu hapo zimetoka nyingine mpya zaidi, lakini hizi mbili zina faida kwa mwalimu: zote zina viini 64, na viini hivyo ni vya usanifu mmoja. Ni kama mapacha. Hata hivyo, ya kwanza ilitangazwa kwa dola 6,950 na ya pili kwa dola 3,990.

Anayehesabu viini atasema mwenye kununua ya kwanza amepunjwa. Anayetazama kasi atashangaa zaidi, kwa maana ile ya bei nafuu ndiyo yenye mbio. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.9 na huweza kupanda hadi 4.3, ilhali ile ya seva huanzia 2.25 na kukomea 3.4. Je, wenye seva ni wajinga?

La hasha. Kiini hakifanyi kazi kwa kasi yake pekee. Hungoja data kutoka katika kumbukumbu kama mpishi angojavyo unga kutoka ghalani. Ghala ya EPYC ina milango 8, ile ya Threadripper ina 4. Kwa hesabu, milango hiyo 8 inaweza kupitisha takriban gigabaiti 204 kwa sekunde, na ile 4 nusu yake. Wapishi ni 64 katika kila jiko, lakini katika jiko moja wanapanga foleni maradufu. Aidha, Threadripper hiyo haikubali zaidi ya gigabaiti 256 za kumbukumbu, ilhali EPYC hubeba hadi terabaiti 4. EPYC mbili huweza kuwekwa katika mashine moja zikashirikiana. Threadripper haina budi kukaa peke yake. Kwa upande wa umeme, ile ya seva imekadiriwa kutumia wati 225 na ile ya mezani 280. Tofauti hiyo ni ndogo kwa siku moja, lakini seva haizimwi usiku wala likizo, na ankara hulipwa kila mwezi.

Kwa hivyo kila moja hushinda katika uwanja wake. Kazi inayobana kiini kimoja au vichache, au inayotumia data ndogo kwa hesabu nyingi, itakwisha upesi kwenye Threadripper. Kazi inayobeba hifadhi kubwa ya matini kwa mkupuo mmoja, au inayowahudumia mamia ya wanafunzi usiku na mchana, itaikimbilia EPYC. Watengenezaji wenyewe walitambua kwamba mafungu mawili hayatoshi: mnamo Julai 2020 AMD ilitangaza Threadripper Pro 3995WX, yenye viini 64 vilevile, kasi inayokaribia ile ya mezani, na milango 8 ya kumbukumbu kama ya seva. Intel nayo huzitenga prosesa zake za Xeon kwa namna kama hiyo, za seva kando na za wataalamu kando. Kama aliyeziunda hudhani zinahitaji kutengwa, sisi tunaozinunua twapata wapi ujasiri wa kuzichanganya?

Lipo jambo la pili ambalo kila mwalimu aliyesahihisha mtihani wa KCSE atalielewa pasipo kufundishwa. Karatasi hugawiwa wasahihishaji wengi, lakini kabla ya hapo sharti wote wakubaliane kuhusu mwongozo wa kutuza alama. Mazungumzo hayo hayaishi upesi kwa kuwa wasahihishaji wameongezwa. Mhandisi Gene Amdahl aliieleza hoja hii kuhusu tarakilishi mnamo mwaka 1967. Chukua kazi ambayo kiini kimoja huifanya kwa saa 10, na katika hizo saa 1 ni ya sehemu isiyogawika. Ukiwa na viini 16, kazi itakwisha kwa muda wa saa 1 na dakika 34 hivi. Ukiwa na 64, itachukua saa 1 na dakika 8. Ukienda mbali zaidi ukanunua prosesa yenye viini 192, kama zile za EPYC zilizotolewa Oktoba 2024, utangoja saa 1 na dakika 3. Umeongeza viini mara tatu ili uokoe dakika tano na ushei! Fedha hizo zingewanunulia wanafunzi vinasa sauti.

Nimewasikia wenzangu wakidai kwamba sheria ndiyo inayotufunga. Ni kweli kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 hairuhusu zabuni itaje jina la kampuni au chapa, isipokuwa pale ambapo hapana njia nyingine ya kueleza kinachohitajika. Hilo ni jema, kwa sababu linazuia upendeleo. Lakini tumelikimbia jina tukaiangukia tarakimu. Tunaandika "viini 64" na kudhani tumesema yote, ilhali mapacha wetu wawili wote wanaitimiza zabuni hiyo, na muuzaji atatuletea yule anayempa faida kubwa zaidi. Sheria haituzuii kuandika kazi yenyewe: programu gani, data kiasi gani, watumiaji wangapi, na muda gani wa kungoja tunaoweza kuuvumilia.

Mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ni maneno. Neno "kuliko", ambalo hulitumia kulinganisha, asili yake ni ya mahali: ku-li-ko, pale kulipo na kitu fulani. Asemaye kwamba hiki ni kikubwa kuliko kile amesimama mahali fulani akakitazama. Anayeuliza tu prosesa ipi ni bora, pasipo kusema amesimama wapi na anafanya kazi gani, hajauliza swali. Naye anayemjibu hajamjibu.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kila ununuzi wa aina hii, watakaoitumia mashine waandike ukurasa mmoja unaoeleza kazi yao, na kamati iusome kabla ya kufungua orodha ya bei. Pili, muuzaji atakiwe kuijaribu kazi hiyohiyo, si jaribio alilolichagua yeye, na matokeo yaambatanishwe na zabuni. Tatu, tuwafundishe wanafunzi wa fani zote, wala si wa sayansi ya tarakilishi pekee, namna ya kugawa kazi. Mwanafunzi wa lugha asiyejua kwamba programu yake inatumia kiini kimoja ni sawa na mkulima mwenye wana 64 anayepalilia shamba peke yake.

Na yule mwanafunzi wetu? Alisaidiwa na mwenzake wa idara nyingine. Waliyagawa marekodi yake katika mafungu 64, wakaiwasha programu ileile mara 64, kila moja na fungu lake. Kazi iliyokuwa imekula wiki nzima bila kufika popote ikaisha kwa siku mbili, na tasnifu ikawasilishwa. Mashine ilikuwa ileile na viini vilevile. Kilichobadilika ni kwamba hatimaye palipatikana mtu wa kuuliza kazi yenyewe ni ya namna gani. Swali hilo lilikuwa la bure, nasi wanakamati tungaliweza kuliuliza siku ile ya kwanza, kabla hatujatia sahihi.