Taa Nyekundu ya Amplifaya Si Pambo

Na Mwana wa Sabaki

Amplifaya za harusi za Malindi, mikutano ya hadhara ya Kilifi na disko matanga za vijijini zinafanana usoni: swichi ya umeme, vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja kwa kila upande, na safu ya taa ndogo. Vitufe kila mtu anavijua. Taa huachwa zimulike zenyewe, na ndiyo maana spika nyingi za Pwani huungua kabla ya wakati wake.

Kuwasha kuna utaratibu. Kompyuta ya muziki na miksa hutangulia, amplifaya hufuata mwisho, vitufe vyake vikiwa sifuri. Wakati wa kuzima, amplifaya ndiyo ya kwanza. Miksa ikiwashwa au kuzimwa hutoa mshindo mfupi, na amplifaya iliyo wazi huukuza mshindo huo na kuupiga moja kwa moja kwenye koni ya spika. Baada ya kuwashwa, taa ya kinga, yenye maandishi PROTECT, huwaka kwa sekunde chache, kisha husikika mlio wa "tak" ndani ya mashine na taa kuzimika. Mashine imejikagua na kuziunganisha spika.

Vitufe ndivyo vinavyoeleweka vibaya zaidi. Kitufe cha amplifaya hakiongezi wala hakipunguzi nguvu iliyomo ndani ya mashine. Kinaamua tu ni kiasi gani cha mawimbi ya miksa kipite. Kwa hiyo mwenye mitambo anayekiweka nusu "ili spika zisiungue", huku dijei akiisukuma miksa hadi mwisho, hajalinda chochote: amplifaya itafika kikomo chake vilevile, na sauti itakuwa imeharibika tangu kwenye miksa.

Taa ya kijani huonyesha kwamba mawimbi yanaingia. Ikiwa inacheza na spika ziko kimya, kasoro iko mbele, kwenye nyaya au spika. Ikiwa haichezi, itafutwe nyuma, kuanzia miksa. Taa nyekundu ya CLIP huwaka pale amplifaya inapoombwa volti isizokuwa nazo. Hapo vilele vya mawimbi hukatwa bapa, na mkato huo huzaa sauti kali za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Mzigo wake huiangukia twita, ambayo waya wake ni mwembamba kuliko wa spika nyingine zote. Nyekundu ikimulika mara mojamoja ngoma inapopigwa, si neno. Ikikaa imewaka, miksa ishushwe papo hapo, hata kama bwana harusi mwenyewe anataka iongezwe.

Kinachowaponza wengi ni hesabu ya wati. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mchezaji aliye uwanjani huisikia kwa shida. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, huhitajika takriban wati mara kumi. Anayeongeza sauti juu ya taa nyekundu, basi, anaongeza joto na mkwaruzo. Kwa jirani hakuna taa kabisa, ingawa kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, kiwango ambacho disko matanga hukipita kwa jenereta peke yake.

Taa ya kinga ikiwaka katikati ya shughuli, mashine izimwe na nyaya za spika zichomolewe, kisha iwashwe tena. Taa ikizimika, kuna waya uliogusana au spika nyingi mno: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, nne huwa omu 2, na amplifaya nyingi hazivumilii chini ya 4. Ikibaki imewaka hata bila spika, hiyo ni kazi ya fundi. Wakati mwingine taa hiyo huwashwa na joto tu. Wakati wa kaskazi amplifaya iliyofunikwa kwa leso isipate vumbi hukosa pumzi, na feni iliyojaa vumbi haisaidii. Chumvi ya bahari nayo hula viunganishi na kufanya vitufe vikwaruze vikizungushwa. Jenereta dhaifu, inayoshuka chini ya volti 240 za kawaida, huileta taa nyekundu mapema.

Amplifaya za misikiti na magari ya matangazo ni jamii nyingine. Kila maiki ina kitufe chake, kisha besi na trebo, kisha kitufe kikuu. Kitufe kikuu hupandishwa kwanza hadi karibu nusu, halafu maiki huongezwa taratibu. Ikianza kupiga yowe, irudishwe nyuma kidogo au isogezwe mbali na honi. Besi ishushwe, kwa kuwa honi haina uwezo nayo. Nyuma kuna matundu ya omu na lile la volti 100, ambalo ni la honi zenye transfoma tu. Nyingi pia hupokea betri ya volti 12 stima inapokatika. Betri ikianza kuisha sauti hukatika hata kitufe kikiwa chini, na hapo kinachohitajika ni chaji.