Alama za Karatasi Hazitoshi Kumlinda Askari

Askari aliyefunzwa vema haitumainii bunduki kabla ya kuijaribu katika uwanja wa shabaha. Vivyo hivyo, karatasi ya maswali ambayo daktari hupimia hatari ya kujiua kwa mgonjwa wa sonona yapasa ijaribiwe: je, alama zake humtambua kweli aliye hatarini?

Jaribio kubwa lilifanywa huko Houston, Marekani, katika hospitali ya askari wastaafu. Daktari Alex Pokorny aliwapima wagonjwa wa akili 4,800, akawafuatilia kwa miaka ipatayo mitano, na mwaka 1983 akatangaza matokeo. Wagonjwa 803 walihesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Miongoni mwao 30 walijiua. Lakini jumla ya waliojiua ilikuwa 67. Yaani 37, zaidi ya nusu, walitoka katika kundi lililodhaniwa kuwa salama.

Vipimo vingi vimetungwa tangu hapo, na udhaifu huo haujaondoka. Mwaka 2022, NICE, taasisi itoayo miongozo ya tiba Uingereza, katika mwongozo wake juu ya wanaojidhuru, iliwaagiza waganga wasitumie alama hizo kutabiri nani atajiua, wala kuamua nani atibiwe na nani aruhusiwe kurudi nyumbani. Iliwataka wachunguze mahitaji ya kila mgonjwa.

Liko na jambo la pili, nalo latuhusu sisi wa vikosini. Kipimo hutegemea ukweli wa anayejibu. Anayehofia cheo chake, kuchekwa au kushtakiwa, atajibu "hapana". Huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Polisi wana funzo hapo: mtu wa namna hiyo ahitaji tabibu, si pingu.

Hatusemi karatasi hizo zitupwe, kwani zafaa kufungua mazungumzo. Tunasema alama ndogo isiwe sababu ya kumwacha mwenzetu peke yake. Ukimwona amejitenga, hapati usingizi, asema maisha yamemshinda, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Silaha iwekwe mbali naye kwa heshima, naye afikishwe hospitali.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wajibu wetu ni kuhakikisha hakuna mwenzetu anayelazimika kuficha.