Okoa daftari kabla ya kuoka kompyuta

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari hilo lilikuwa la karatasi na lilikaa kwenye droo ya kaunta. Siku hizi, kwa wafanyabiashara wadogo wengi na vyama vya ushirika vya msingi, daftari ni kompyuta mpakato, mara nyingi ya mtumba. Mashine hiyo ikianza kusumbua, mwenye nayo hushawishika kufanya jambo ambalo asingelifanya kwa gunia moja la mahindi yake: kubahatisha.

Chukulia mfano wa katibu wa chama cha msingi katika msimu wa kahawa. Asubuhi anawasha kompyuta, taa inawaka na feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Ndani ya mashine mna kilo alizoleta kila mwanachama, malipo ya awali na madeni ya pembejeo. Fundi wa mjini anataka fedha ambazo chama hakikuzipanga, na wakulima wanapaswa kulipwa wiki ijayo. Ndipo anatokea kijana na kumwambia kuwa ipo njia ya bure: fungua mashine, toa bodi kuu, iweke kwenye oveni dakika chache au ipige joto la blowa, itapona.

Njia hiyo si ya kutunga. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani, inayotengeneza chipu za picha, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kugharimia chipu zake za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kupita kawaida. Mwaka 2010 kesi iliyofunguliwa nchini humo ilimalizwa kwa makubaliano yaliyowahusu wenye baadhi ya mashine za HP, Dell na Apple. Watu wengi ambao dhamana zao zilikwisha waliamua kujitibia wenyewe. Waliweka bodi kwenye oveni ya jikoni, nyuzi joto zipatazo 200 za sentigredi, kwa dakika kama nane. Baadhi ya mashine ziliwaka kweli.

Kwa nini ziliwaka? Chipu hukaa juu ya vidonge vidogo sana vya lehemu. Mashine ikipata moto na kupoa kila siku, vidonge hivyo hutanuka na kusinyaa hadi vikapata nyufa. Wengi huamini kuwa oveni huyeyusha lehemu na kuziba nyufa hizo. Hesabu haikubali. Lehemu isiyo na risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, huyeyuka karibu na nyuzi 217. Joto la nyuzi 200 haliifikii. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba joto hutanua chipu, sehemu zilizoachana zikagusana, kisha zikaachana tena baada ya matumizi. Ndiyo maana mashine nyingi zilizookwa huishi siku, wiki au miezi michache tu.

Hapa ndipo penye hesabu ya biashara. Anayebahatisha hutazama upande mmoja tu, yaani fedha ya fundi anayoikwepa. Tuseme fundi anataka sh. 120,000. Kama ndani ya mashine hamna kitu cha maana, mwenye nayo anacheza na chombo ambacho tayari kimeharibika, na hiyo ni haki yake. Lakini kama mna orodha ya madeni ya sh. 6,000,000 ambayo haijaandikwa mahali pengine, anaweka rehani milioni sita ili aokoe laki moja na ishirini. Katibu wa chama ana kosa kubwa zaidi, kwa sababu hachezi na mali yake. Anacheza na jasho la wanachama ambao hawakuulizwa.

Habari njema ni kwamba kioo kikifa, kumbukumbu hazijafa. Kwanza, mashine iunganishwe kwa waya na televisheni au kioo kingine. Picha ikitokea huko, huenda tatizo ni kioo au waya wake, na bodi haina kosa. Pili, diski itolewe. Katika mashine nyingi za zamani ni kazi ya skrubu chache, na diski hiyo husomeka kwenye kompyuta nyingine. Kumbukumbu zinakiliwe mahali pawili na orodha muhimu zichapishwe. Tahadhari ni kwa mashine nyembamba za miaka ya karibuni. Baadhi yake hifadhi imelehemewa kwenye bodi kuu yenyewe, hivyo kuoka bodi ni kuoka daftari. Hizo apelekewe fundi mwenye vifaa.

Baada ya hapo, anayetaka kubahatisha na abahatishe, ila kwa masharti. Betri itolewe kabla ya jambo lolote, na iliyovimba isitobolewe wala kukandamizwa, kwani inaweza kulipuka moto. Oveni ya mkate isitumike, maana plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu na bodi za zamani zina risasi. Mashine ikiwaka, ichukuliwe kuwa imepewa muda wa kuhamisha mizigo tu, haijapona. Kuiuza kwa mwingine kama nzima ni sawa na kuficha mahindi yaliyooza chini ya gunia.

Hata hivyo, dawa iko kabla ya ugonjwa. Wanachama wanaweza kudai katika mkutano mkuu wao kwamba kila jioni ya siku ya kupokea mazao, kumbukumbu zinakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae ofisini na nyingine kwa mweka hazina, na karatasi ya jumla ibandikwe ubaoni. Mwenye duka naye anaweza kufanya hivyo kila anapofunga hesabu. Bei ya flashi mbili ni ndogo kuliko deni moja lililosahaulika, na mkulima aliyeleta kilo zake hapaswi kuambiwa kuwa ziliungulia kwenye oveni.