Rangwi nayo ina haki kwenye kiingilio cha Maziwe

Mgeni anayefika Rangwi kwa miguu kutoka Lushoto, akipita msitu wa Magamba na Lukozi, mara nyingi hulala kwenye nyumba ya wageni ya masista, hula viazi na kabichi zilizovunwa jirani, na asubuhi huendelea kuelekea Mambo na Mtae. Wapo wanaoishia hapo. Wengine huteremka hadi Mombo, hupanda basi la kuelekea pwani, na baada ya siku moja mbili wako Ushongo, wilayani Pangani, wamevaa miwani ya kupigia mbizi na mpira wa kupumulia mdomoni, wakielea juu ya matumbawe ya Kisiwa cha Maziwe.

Ziara ya Maziwe ni ya nusu siku tu. Boti huondoka kwa kufuata maji yanayopwa, kwa sababu bahari ikijaa kisiwa chote huzama. Abiria huogelea kutazama samaki, hukaa kidogo mchangani chini ya kivuli walichobeba wenyewe, na kabla maji hayajarudi nahodha huwaita chomboni. Kila mtu amelipa nauli ya chombo na kiingilio cha hifadhi. Kule mlimani mgeni huyohuyo alimlipa kiongozi wa msafara, akalipia chakula na malazi. Fedha hizo za aina mbili hazikutani popote, ingawa kilichouzwa sehemu zote mbili kinategemea udongo uleule wa Usambara. Naamini sehemu ya kiingilio cha Maziwe inapaswa kupanda mlimani, iwafikie wakulima wanaozuia udongo usiteremke baharini. Ni dai linalohitaji kupimwa vizuri, maana lina wapinzani wenye hoja nzito.

Maziwe yenyewe inatufundisha jambo. Wazee wa Pangani waliijua ikiwa kisiwa chenye miti ya mivinje, na ilihesabika kuwa mojawapo ya sehemu muhimu kuliko zote nchini kwa kasa kutagia mayai. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Miaka michache baadaye miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Waliochunguza chanzo walitaja ukataji wa mimea iliyoushika mchanga, pamoja na mabadiliko ya bahari yenyewe. Kasa hawakuacha kuja. Bado hupanda mchangani usiku na kutaga, lakini mayai yakiachwa palepale hufunikwa na maji na kuharibika. Ndiyo maana wahifadhi, wakiwemo watu wa shirika la Sea Sense, huyahamisha na kuyafukia upya kwenye ufukwe wa Ushongo, na siku ya kuanguliwa wageni na wanakijiji hukusanyika kuwatazama kasa wadogo wakiteremka baharini.

Tangazo la mwaka 1975, kwa hiyo, lililinda jina na mipaka, lakini halikuweza kulizuia lililotoka nje ya mipaka hiyo. Hifadhi ya bahari haina ukuta. Maji huingia na kutoka, na maji ya mito huingia yakiwa na kila kilichochukuliwa njiani.

Sasa tutazame mito. Mvua inayonyesha Usambara Magharibi hugawanyika. Ile ya upande wa Mlalo na msitu wa Shagayu huufuata Mto Umba, unaokwenda kuingia baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Ile ya upande wa Soni na Mombo huingia Mto Mkomazi, nao Mkomazi hujiunga na Mto Pangani kabla ya kupita Korogwe na Hale na kumwagika baharini pale mjini Pangani. Kwa serikali mito hii yote miwili ni familia moja: Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi, inasimamia Pangani na Umba, pamoja na Zigi na Msangazi. Hilo ni muhimu, nami nitalirudia mbele.

Milima hii inalimwa karibu kila mahali palipobaki nje ya misitu ya hifadhi, na miteremko ya Rangwi, Mlalo na Lukozi ni mikali kiasi kwamba mgeni hushangaa jinsi mtu anavyosimama na jembe. Pale palipo na matuta yenye majani ya kushika kingo, mvua huzama ardhini. Pale palipo wazi, mvua ya masika hukata ngozi ya shamba na kuipeleka mtoni. Ndiyo maana mito hubadilika rangi kuwa nyekundu, na mdomo wa Pangani huwa kahawia katika miezi ya mvua, hali inayojulikana vyema na kila nahodha wa hapo.

Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na vijimea ndani ya mwili wake, navyo humpa sehemu kubwa ya chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Maji yakichafuka, mwanga haufiki. Tope likitua juu yake, hulazimika kutumia nguvu kujisafisha badala ya kukua. Majani ya baharini, ambayo ni malisho ya kasa, nayo hudhoofika kwa kukosa mwanga. Mtalii aliyelipia kuona samaki wa rangi akikuta maji yenye rangi ya chai ya maziwa, hatarudi, na hatamwambia rafiki yake aje.

Wapinzani wa hoja hii huanza na joto, na nakubali kwamba joto ni adui mkubwa kuliko tope. Mwaka 1998 matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipauka na mengi kufa, ikatokea tena 2016, na 2024 dunia nzima ilishuhudia wimbi jingine la kupauka. Hakuna tuta la Rangwi litakalopoza bahari. Lakini tumbawe lililochoshwa na tope lina nafasi ndogo ya kupona kuliko lile lililo katika maji safi. Joto hatuwezi kulizuia tukiwa Tanga. Tope tunaweza kulipunguza.

Wengine hutaja mabwawa. Mto Pangani una mtambo wa umeme wa Hale, tangu 1964, na ule wa New Pangani Falls tangu 1995, na bwawa hunasa sehemu ya udongo kabla haujafika baharini. Ni kweli, lakini hoja hiyo inaongeza mdaiwa mmoja tu: udongo uliobaki nyuma ya bwawa ni hasara kwa shirika la umeme, nalo lingefaidika na shamba lenye matuta. Tena mabwawa ya hapo si makubwa kiasi cha kushika mafuriko ya masika, na Umba hauna bwawa la umeme la namna hiyo.

Wapo pia wavuvi na manahodha wanaouliza kwa nini wao, waliopambana na uvuvi wa baruti uliovuruga pwani ya Tanga kwa miaka mingi, walipe watu wa milimani. Swali hili linanigusa kuliko yote. Mradi wa hifadhi ya pwani ya Tanga ulianza mwaka 1994, vijiji vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba na kulinda mikoko, na watu walioripoti baruti walihatarisha usalama wao. Jasho hilo lina stahili yake, na kiingilio kisiongezwe kwa wakazi. Ninachoomba ni sehemu ya kinacholipwa tayari na wageni kutoka nje, ambacho sasa wanakijiji wa Ushongo wenyewe hawajui kinakwendaje.

Tatizo kubwa zaidi liko mlimani, nalo ni la kihistoria. Wakoloni wa Kiingereza walianza mpango wa kurekebisha bonde la Mlalo mwaka 1946, na miaka ya 1950 wakauendeleza kama mpango wa Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri na faini. Kazi ilikuwa nzito, mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, na udongo mbaya wa chini ulipanda juu na kupunguza mavuno. Wasambaa waliupinga, upinzani huo ukaungana na harakati za uhuru, na mpango ukafa kabla ya bendera ya 1961. Hadi leo mzee wa Lushoto akisikia ofisa akisema neno matuta kwa sauti ya kuamrisha, hukunja uso.

Mradi wa kuzuia mmomonyoko wa SECAP, ulioanza 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulifanya jingine. Uliwaletea wakulima majani ya gwatemala ya kupanda kwenye mistari ya kontua, na majani hayo yakawa chakula cha ng'ombe wa kufungiwa zizini. Mkulima alizuia mmomonyoko kwa kutafuta maziwa na samadi. Wengi wa kizazi hicho bado wana mistari hiyo mashambani, na migrivea yao kando. Amri ilishindwa palepale ambapo faida iliweza, na hapo ndipo hoja yangu inasimama: mlinzi wa udongo alipwe, asitishwe.

Mfano wa kulipa hauko mbali. Tanga mjini hunywa maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, na tope la Usambara Mashariki lilipoanza kutishia bwawa hilo, mamlaka ya maji ya Tanga ilishirikiana na wakulima waliojiunga katika umoja wa UWAMAKIZI, ili wahifadhi kingo za mto na kupanda miti. Mnywaji wa maji wa Ngamiani na mkulima wa Amani wamefungwa pamoja. Hakuna sababu ya maana ya mwogeleaji wa Maziwe na mkulima wa Usambara Magharibi kubaki wageni kwa kila mmoja.

Kuhusu ziara zenyewe za nusu siku, tuna njia mbili zilizotangulia, zote Zanzibar. Mnemba ni kisiwa kinachokaliwa na wageni wa hoteli moja tu. Wengine wote hubaki majini kukizunguka, na boti kutoka Nungwi, Kendwa, Matemwe na Muyuni hukusanyika hapo asubuhi moja kwa makumi, nanga na mapezi yakigonga matumbawe. Fedha nyingi hupita, lakini mwamba wenyewe ndio unaolipa. Chumbe, iliyolindwa tangu 1994, ilichagua nyumba saba tu za wageni, na mapato yake yamewapeleka maelfu ya wanafunzi wa Unguja kuogelea juu ya matumbawe na kufundishwa hapohapo. Wengi wao ni watoto wa wavuvi ambao hawakuwahi kuona chini ya bahari kukoje. Chumbe haiingizi umati kama Mnemba, lakini imezaa walimu na watunzaji. Mimi naona Maziwe, ikiwa ndogo na dhaifu hivi, haina uchaguzi. Ikifuata njia ya Mnemba itabaki mchanga uliokanyagwa.

Uamuzi huo hauwezi kungoja. Barabara ya lami ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo inajengwa pamoja na daraja la Mto Pangani, na itakapokamilika mgeni wa Dar es Salaam atafika Pangani kwa urahisi zaidi kuliko leo. Boti zitaongezeka. Idadi ya vyombo vinavyoruhusiwa kufunga nanga Maziwe kwa siku inapaswa kuwekwa sasa, na maboya ya kufungia vyombo yawekwe ili nanga isitupwe juu ya matumbawe.

Kisha fedha. Sipendekezi kila mkulima wa Rangwi alipwe fungu lake mkononi. Kiasi kingekuwa kidogo mno, na kugawana kungeleta ugomvi. Napendekeza mfuko mmoja unaosimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa kuwa tayari ina mamlaka juu ya mito yote miwili na tayari hukusanya ada kutoka kwa watumiaji wa maji. Mfuko ulipie miche na majani ya kontua kwa vikundi vya wakulima vitakavyochaguliwa na vijiji vyenyewe, na ulipie pia safari za wanafunzi: wa Rangwi wakaione bahari maji yakiwa yamepwa, na wa Ushongo wapande kuona shamba lililo wima na mvua inavyoligusa. Mwanafunzi wa Mlalo aliyevaa miwani na kuona tumbawe likifunikwa na tope hatahitaji ofisa kumwambia maana ya tuta.

Viongozi wa ziara wa Lushoto na manahodha wa Pangani nao wauze safari moja yenye bei moja: siku za milimani, kisha nusu siku ya kisiwani. Mgeni atakaa mkoani muda mrefu zaidi, na hilo pekee litaleta zaidi ya nauli ya boti.

Kabla lami haijafika Pangani, wasimamizi wa hifadhi za bahari, Bodi ya Bonde, halmashauri za Lushoto na Pangani na wawakilishi wa wakulima na manahodha waitwe kikao kimoja. Mkuu wa mkoa wa Tanga ana uwezo wa kukiitisha, na aanze kwa kutangaza hadharani kiingilio cha Maziwe kinakusanywa kiasi gani kwa mwaka na kinatumika wapi.