Vidonge vya Siri kwa Mgonjwa wa Saratani: Dhamana ni ya Nani?

Mtu akishajulikana kuwa ana saratani, hapa kwetu Unguja nyumba yake haikauki wageni. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini siku hizi wengi hawaji na dua peke yake. Huyu ana chupa ya vitamini aliyoletewa kutoka Maskati. Yule ana unga wa mizizi uliofungwa katika karatasi. Wa tatu ana vidonge vya manjano na mafuta ya habasoda. Na kila mmoja, akishatoa alicho nacho, humalizia kwa neno moja: "Meza, lakini usimwambie daktari."

Neno hilo ndilo tunalolipinga leo.

Hatuipingi habasoda. Mtume (s.a.w.) ameitaja kuwa ina shifaa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini twamuuliza yule anayeifanya hadithi hiyo kuwa kibandiko cha chupa yake: je, umeuliza wanavyuoni waliifasiri vipi? Al-Khattabi, mwanachuoni wa karne ya nne ya Hijra, alieleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahsusi, kwani hapana mmea mmoja uliokusanya tabia za kupambana na maradhi yote. Na Mtume huyo huyo, Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa Harith alikuwa mjuzi wa utabibu. Hakuona kuwa kumwendea mjuzi kunapunguza imani.

Sasa tuzitazame hoja zao.

Wanasema: "Vitamini ni chakula, haiwezi kudhuru." Vitamini iliyomo katika embe, samaki na mchicha ni chakula, na mgonjwa ale ashibe. Kidonge chenye kipimo kikubwa ni jambo jingine. Mionzi, na baadhi ya dawa za saratani, huua chembe za ugonjwa kwa namna ya kuziunguza. Vidonge vya vitamini E na beta-karotini husifiwa kwamba vyazikinga chembe zisiungue. Je, nani aliyeviambia vikinge chembe njema tu, na chembe za saratani viziache?

Jambo hili limepimwa. Huko Kanada wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo, waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitamini E, na wale wa mwanzo walipewa na beta-karotini pia. Kundi la pili lilipewa vidonge vitupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2005 na 2006: waliokufa katika kundi la vitamini walikuwa wengi zaidi. Na kabla ya hapo, mwaka 1994, ilitangazwa habari ya wavutaji sigara 29,133 wa Finland: waliopewa beta-karotini, kwa kutarajiwa kuwa itawakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Hata foliki asidi, kidonge wanachopewa wajawazito kila siku, yaweza kuzidisha sumu ya dawa ya saratani iitwayo kapesitabini. Ndicho hicho "chakula kisichodhuru"?

Wanasema tena: "Hii ni miti ya Mungu, haina kemikali." Ajabu iliyoje! Dawa ya vinkristini, inayotibu saratani ya damu ya watoto, asili yake ni ua lililotoka Bukini, yaani Madagaska. Hospitali hazikatai miti. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa miligramu kulingana na mwili wa mtoto, kwani ikizidi huua. Mwenye unga wa karatasi amepima kwa nini? Kwa kijiko cha chai! Na ule unga umeanikwa wapi, umeguswa na nani? Mgonjwa ambaye dawa zimempunguzia kinga ya mwili aweza kuuawa na uchafu ambao mimi na wewe hatuuhisi. Kitunguu saumu katika mchuzi hatukikatazi. Vidonge vyake vilivyokolezwa vyaweza kumzidishia damu kutoka anapopasuliwa. Hata maji ya balungi hugongana na baadhi ya dawa.

Hoja yao ya mwisho ni: "Daktari atakasirika." Hapa tuna neno na madaktari pia. Daktari anayemkejeli bibi mzee kwa sababu ya habasoda yake amemfundisha kuficha. Aulize kwa upole, "Bibi, watumia nini jengine nyumbani?", na asikilize. Lakini ukali wa daktari si ruhusa ya kumhatarisha mgonjwa.

Tulishaona mambo haya yanavyokwenda. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500, kilichosemwa kuwa chatibu ukimwi, kisukari na saratani. Wako waliofia foleni, na wako walioacha dawa za hospitali. Kikombe kimesahauliwa; waliozikwa hawakurudi.

Wasikie basi wauzaji wa Darajani, na wasikie jamaa wenye huruma isiyo na elimu: Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye kuwatibu watu, hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Hadithi ya habasoda mwaibandika chupani. Na hii ya dhamana je, mbona hamuibandiki?

Ewe uliye na mgonjwa nyumbani, la kufanya si gumu. Mnapokwenda Mnazi Mmoja, au mnapopanda boti kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, tieni katika mfuko mmoja kila anachomeza: chupa, unga, mafuta na majani. Vimwageni mbele ya daktari. Ulizeni: kipi kiendelee, kipi kisimame, na hadi lini? Akiwa damu yake imepungukiwa na vitamini fulani, atapimwa na kupewa kwa kipimo. Na usimame na lile jibu, hata shangazi akinuna.

Mleteeni mgonjwa uji, supu ya samaki, nauli ya boti na dua. Hivyo havihitaji siri. Chochote mnachomtaka amfiche tabibu wake, kiacheni kwenu. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuepushe na dhamana ya roho za watu. Amin.